Gati la Kuelea kwa Mtumbwi: Mpunga Usilowe Ukifika Ufukweni

Wengi wetu kwenye delta shamba liko ng'ambo na barabara yetu ni mto. Tatizo linaanza pale maji yakipwa. Mtumbwi unabaki mbali, akina mama wanashuka kwenye tope hadi magotini na gunia kichwani, na mpunga uliokwisha kauka unalowa tena. Sehemu za juu zaidi kuna mamba, hivyo kusimama majini kufunga kamba si jambo la mchezo.

Gati la nguzo peke yake halitusaidii sana. Karibu na bahari, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Gati la kuelea linapanda na kushuka na maji, kwa hiyo muda wote liko usawa wa mtumbwi.

Vifaa. Mapipa 6 ya plastiki ya lita 200, mbao za 2x4 za fremu, mbao za kutandika juu, boliti zisizoshika kutu na kamba ya nailoni. Usitumie waya wala misumari ya kawaida. Maji ya chumvi yataila upesi. Mapipa yaliyobeba dawa za kilimo usiyachukue kabisa.

Hesabu ya uzito. Pipa moja likizama lote linabeba kama kilo 200, hivyo mapipa 6 ni kilo 1,200. Usiyamalize yote, tumia nusu, yaani 600. Toa kama 200 za mbao zikilowa, zinabaki 400: watu watatu na magunia mawili, siyo zaidi. Na mzigo ukae katikati, maana mkisimama wote upande mmoja linainama.

Kuunga. Tengeneza fremu ya mita 3 kwa 2, mapipa matatu kila upande. Kaza vizibo pamoja na mipira yake. Kabla ya kufunga, kandamiza kila pipa majini; likitoa mapovu, lina tundu.

Nguzo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gati linashikwa na nguzo mbili kupitia pete kubwa zinazoteleza. Nguzo ikiwa fupi, maji yakijaa gati linachomoka na kwenda zake. Waulize wazee maji ya Aprili 2024 yalifika wapi, kisha ongeza mita 1 juu ya alama hiyo. Usikate mikoko kiholela: inahitaji kibali cha TFS, na ndiyo inayoshika kingo zetu. Bomba la chuma lililopakwa zinki linafaa.

Daraja la kushukia. Lifunge kwa bawaba upande wa nchi kavu, upande wa gati liwe huru kuteleza. Maji yakishuka mita 3, daraja la mita 6 linakuwa kali kama ngazi. La mita 9 mtu mwenye gunia anashuka vizuri, na bora wasaidizi wapige vipande vya mbao vya kukanyagia.

Kabla hujachimba shimo, pita serikali ya kijiji, maana ufuko ni wa wote. Baada ya hapo, kila bamvua kagua kamba na pete, na wakati wa masika ondoa magogo na magugu yanayokwama. Mkondo ukiyasukuma ndiyo yanavunja nguzo.

Kaya nne au tano zikichangia, gharama inakuwa nyepesi. Anzeni sasa, msisubiri mavuno.