Mnyororo wa Mlango na Mnyororo wa Vespa

Usiku mmoja wa kumi la kati la mwezi wa Ramadhani, mchuuzi wa samaki, mkaazi wa Ng'ambo, aliegesha pikipiki yake nje ya msikiti akaingia kusali Isha na Tarawehe. Alipotoka, kabla hazijatimia saa mbili, alivikuta viatu vyake pale pale alipoviacha, lakini pikipiki haikuwapo. Wazee waliokuwa kwenye baraza ya jirani walisema walimwona kijana akiisukuma taratibu kama mtu aliyeishiwa na mafuta, na mmoja wao hata alimpa pole.

Pikipiki ile ilikuwa ya mkopo, na mkopo haujamalizika. Ndiyo iliyokuwa ikimfikisha bwana huyu kwenye diko la Malindi kabla ya jua kuchomoza, na ndiyo iliyokuwa ikimpeleka na kapu lake la changu na dagaa mpaka Dunga, Bambi na Mpapa, ambako watu huwa wakimngoja. Samaki hawasubiri. Mchuuzi anayefika saa nne hakuti wanunuzi, na aliyenunua mnadani kwa fedha ya kukopa akakosa kuuza siku hiyo huwa ameingia katika deni la pili. Kwa hivyo wale wanaodhani kwamba kuibiwa pikipiki ni kupotelewa na chuma na mipira miwili, twapenda kuwaeleza kwamba aghalabu kinachopotea ni riziki ya nyumba nzima.

Visiwa vyetu vimekizoea chombo hiki kwa miaka mingi. Vespa, ambayo wakubwa wetu waliipenda kwa sababu hupita kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari, ilianza kutengenezwa Pontedera, Italia, mwaka 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na jina lenyewe kwa Kitaliano ni nyigu. Leo Vespa zimepungua na pikipiki kutoka India na China zimezidi. Bodaboda wamejaa kila pembe. Mwalimu wa skuli, muuguzi, fundi wa mabomba na karani wote wanategemea magurudumu mawili. Idadi imekua, lakini mahali pa kuviweka vyombo hivi ni pale pale pa zamani, yaani nje, ukutani, chini ya dirisha.

Hilo halitokani na uzembe wa wenye mali. Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa zikiwa na ua wa kuweka vyombo vya moto. Nyingi zimegawanywa baina ya familia tatu au nne, ukumbi wa chini umekuwa chumba cha kulala, na ngazi ni nyembamba na za kusimama. Kule Michenzani, mtu anayekaa ghorofa ya tano hawezi kuipandisha pikipiki yenye uzani wa kilo 100 na zaidi hadi mlangoni kwake kila usiku. Hana budi kuiacha chini na kumwachia Mungu.

Na wazee wetu hawakuwa watu wa kuacha mali wazi. Atazamaye milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe ataona kwamba mingi imezungushiwa mnyororo uliochongwa kwenye miimo yake, na wengi husema kuwa alama hiyo ni ya ulinzi wa nyumba. Nyuma ya nakshi hizo kulikuwa na komeo la kweli na mnyororo wa chuma wa kweli. Sisi tumebakia na mnyororo wa nakshi tu. Mtu hutumia fedha nyingi kununua pikipiki, kisha akaifunga kwa waya mwembamba uliovishwa plastiki ya rangi, ambao mwizi huukata kwa koleo muda ambao mwenyewe yumo dukani akingojea chenji.

Mafundi tuliozungumza nao wanakubaliana juu ya jambo moja: kufuli la usukani peke yake si kinga. Mtu mwenye nguvu akiuvuta usukani kwa ghafla, ulimi wa kufuli lile huvunjika. Na hata usipovunjika, watu wawili au watatu wanaweza kuinyanyua pikipiki na kuitia katika gari dogo la mizigo, ikaondoka bila ya injini kuwashwa. Ufunguo nao humzuia mtu mwaminifu tu, kwani anayeijua njia ya nyaya hana haja nao.

Kinachosaidia ni kuifunga pikipiki na kitu kisichoondoka. Mnyororo uwe wa chuma kilichokazwa kwa moto, si ule wa kufungia mbuzi. Wenye viungo vya unene wa milimita 16 huushinda mkasi wa chuma unaotumiwa kwa mikono. Usiachwe ukalala chini, kwa sababu mwizi huuegemeza mkono mmoja wa mkasi juu ya ardhi na kuukandamiza mwengine kwa uzito wa mwili wake wote. Mnyororo ukining'inia juu humnyima nafasi hiyo. Kweli, grainda la betri hukata karibu kila chuma. Lakini grainda hupiga kelele na kutoa cheche, na mwizi wa mjini hapendi kuonekana.

Hapa Vespa ina kasoro yake. Pikipiki ya kawaida ina mabomba ya fremu ambayo mnyororo hupita ndani yake vizuri. Vespa haina. Mwili wake ni bati la chuma lililokandwa, na magurudumu yake yameshikwa upande mmoja tu, mfano wa magurudumu ya ndege. Sifa hiyo ndiyo inayomwezesha dereva aliyepata pancha kufungua nati chache na kubadilisha tairi njiani, na ndiyo hiyo hiyo inayomwezesha mwizi kuliacha gurudumu la mbele likiwa na mnyororo wake na kwenda na chombo. Tumewahi kuona mjini gurudumu la namna hiyo likiwa limefungwa kwenye nondo za dirisha, peke yake, na kufuli zuri kabisa! Mwenye Vespa na apitishe mnyororo katika tundu la gurudumu la nyuma na kuuzungusha pamoja na mkono wa injini unaolishika, ili hata nati zikifunguliwa mnyororo usichomoke. Yale makufuli madogo yanayofungwa kwenye sahani ya breki, yanayosifiwa sana madukani, hayafai kwa Vespa za zamani kwa kuwa breki zake ni za ndani ya ngoma na hazina sahani.

Swichi ya siri ni ya bei nafuu na fundi wa umeme huifunga kwa muda mfupi. Wapi pa kuificha ni juu ya mwenyewe, na asimwambie hata shemeji yake. Kufunga bomba la mafuta, kama walivyokuwa wakifanya wazee, humfikisha mwizi mitaa miwili tu kabla injini haijazimika. Turubai nalo tusilidharau, kwani apitaye hajui kilicho chini yake ni kipya au kibovu. King'ora hatukisifu sana. Katika mitaa yetu paka hukipigisha mara tatu kwa usiku, na baada ya wiki moja hakuna anayeamka. Vifaa vya kufuatilia chombo kwa setilaiti na simu vimewasaidia baadhi ya watu, lakini hutegemea betri na mtandao, na mwizi mzoefu huanza kwa kuvitafuta.

Adui mwengine wa kufuli kisiwani ni chumvi. Upepo wa bahari huingia ndani ya kila tundu, na kufuli la chuma la bei ndogo lililowekwa Forodhani au Malindi hushika kutu upesi, likawa halifunguki kwa ufunguo wake lakini lavunjika kwa nyundo. Wengi wameacha kufunga pikipiki zao kwa sababu hiyo tu, kwamba kufuli liligoma siku moja ya mvua nao wana safari. Kufuli lenye mwili wa shaba, likatiwa tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara, na tundu lake likaelekezwa chini ili maji yasituame, litamfaa mtu miaka.

Hayo ni ya mwenye mali. Lakini swali linabaki: aifunge na nini? Mwahala mwingi mwa mji hamna nguzo, na palipo na nguzo ni ya umeme au ya bango la duka. Wapo waliojaribu kutoboa kuta na kutia pete za chuma. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Bolti haishiki humo, hung'oka na kipande cha ukuta. Isitoshe, mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na si halali ya kila mtu kuutoboa apendavyo. Pete ya kufungia pikipiki inataka kuchimbiwa ardhini na kumiminiwa zege, na kazi hiyo si ya mtu mmoja mmoja. Ni ya mabaraza ya manispaa pamoja na mamlaka inayouhifadhi Mji Mkongwe. Gharama yake si ya kutisha. Bomba nene la chuma lililopindwa, miguu yake miwili ikazikwa katika zege, linafungiwa pikipiki mbili. Tunaona pa kuanzia ni Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako jamaa wa mgonjwa huacha chombo nje akiwa na fikra zake zote wodini. Kisha Darajani, bandarini Malindi, na nje ya misikiti mikubwa. Taa ziwepo, na ziwake.

Liko pia suala la karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Pikipiki nyingi kisiwani zimeuzwa mara tatu au nne kwa kupeana mikono tu, na kadi ingali inasoma jina la mtu aliyekwishahamia Dubai au Muscat. Siku chombo kinapoibiwa, mwenyewe hufika kituo cha polisi bila ya hati yenye jina lake, hakumbuki namba ya fremu wala ya injini, na anachoweza kueleza ni kwamba ilikuwa nyekundu na kioo kimoja kimepasuka. Polisi atafanya nini na maelezo hayo? Mwizi hubadilisha kibao cha namba na kupaka rangi, lakini namba iliyogongwa kwenye fremu ni kazi kuifuta pasi na kuacha kovu. Kila mwenye chombo angeipiga picha namba hiyo kwa simu yake leo hii, na picha nyengine akampa mkewe au mumewe aiweke. Na wahusika wa usajili wangeifanya kazi ya kubadilisha jina kuwa nyepesi na ya ada ndogo, kwani watu wanaikwepa kwa sababu ya usumbufu na gharama.

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita zipatazo 85. Pikipiki iliyoibiwa mjini jioni haina barabara ya kuitoa nje ya kisiwa. Ama itaondoka kwa bahari, ama itakatwa vipande na kuuzwa kama vipuri, ama itafichwa shamba ipakwe rangi. Njia ni hizo tatu, nazo zinajulikana. Bandari kuu ina ulinzi. Mashaka yetu ni katika bandari bubu, ambako mashua huondoka usiku na hakuna anayeuliza kilichofunikwa kwa tanga. Masheha wa shehia za pwani wanazijua bandari hizo moja moja, na manahodha wanazijua zaidi. Tungependa kuona kwamba namba za pikipiki iliyoibiwa zinawafikia masheha hao usiku ule ule, na simu za mkononi zimeliwezesha jambo hilo. Vile vile wauza vipuri vilivyotumika na mafundi wawekewe sharti la kuandika jina la aliyewauzia injini, pamoja na namba yake. Fundi mwaminifu hataona uzito.

Lipo jambo ambalo hatuna budi kulitaja ingawa linatia uchungu. Palipokosekana imani kwamba mwizi atakamatwa, watu hujichukulia sheria mikononi. Kijana mmoja wa mtaa tunaoufahamu alipigwa mpaka akavunjwa mkono alipokuwa akiisukuma Vespa ya baba yake iliyoharibika, saa nne za usiku, kwa kuwa mpita njia mmoja alipiga ukelele wa mwizi. Kadi ilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyempa muda wa kuitoa. Waliompiga baadhi yao ni majirani, na mpaka leo wanapokutana naye hutazama upande mwengine.

Mchuuzi wetu wa samaki hajaipata pikipiki yake. Sasa huamka saa tisa za usiku, hupanda baiskeli ya kuazima, na huishia Mwanakwerekwe, kwani Mpapa kwa baiskeli na kapu la samaki ni mbali kwa mtu wa umri wake. Alitueleza kwamba namba ya fremu aliipata baada ya wiki mbili, kwenye risiti ya dukani iliyokuwa imekunjwa ndani ya msahafu wa mkewe, akaipeleka kituoni siku hiyo hiyo. Uani pale alikuta pikipiki nyingi zilizokamatwa, zimeegemezana juani, zinaota kutu. Aliinama akaisoma namba ya kila moja. Yake haikuwamo.