Mvua ya Mbali katika Makorongo ya Utah na Arizona

Kusini mwa jimbo la Utah na kaskazini mwa Arizona, nchini Marekani, kuna makorongo membamba kiasi kwamba mtu huweza kugusa kuta zote mbili kwa pamoja, ilhali kuta hizo hupanda makumi ya mita juu ya kichwa chake. Mengi yamechongwa katika jiwe mchanga liitwalo Navajo, ambalo ni matuta ya jangwa la zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita yaliyogeuka mwamba, na kilichoyachonga makorongo hayo ni mafuriko ya ghafla yabebayo mchanga na mawe, wala si mto wa kudumu.

Katika hifadhi ya Grand Staircase-Escalante, iliyotangazwa mwaka 1996, njia nyingi hazina alama. Marundo ya mawe yaliyoachwa na waliotangulia si ya kutegemewa, kwani hata aliyepotea huweza kuyarundika, na vifaa vinavyotegemea satelaiti hupoteza mawasiliano baina ya kuta. Hata hivyo, ndani ya korongo njia ni moja tu, kwa hiyo faida kubwa ya ramani ni kumwonyesha msafiri dakio la maji, yaani eneo lote ambalo mvua yake huteremkia hapo, na ambalo huenda likaenea kilomita nyingi kutoka anaposimama.

Tarehe 12 Agosti 1997, katika msimu wa mvua za radi za alasiri, watalii 11 walifariki ndani ya Antelope Canyon, Arizona, baada ya mvua kubwa kunyesha mbali upande wa juu. Miamba ya korongo la Ol Njorowa, katika hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, ni ya volkano, lakini Septemba 2019 maji yaliwaua wageni huko kwa namna hiyohiyo. Antelope Canyon iko katika ardhi ya Wanavajo na haiingiwi bila kiongozi. Buckskin Gulch, yenye urefu wa takriban kilomita 20, huingiwa bila kiongozi, na sehemu za kupandia ili kuyakimbia maji ni chache mno.

Hata penye ukavu, mawe yaliyokwama baina ya kuta huweza kuteleza. Aprili 2003, msafiri aitwaye Aron Ralston alibanwa mkono na jiwe la namna hiyo katika Bluejohn Canyon, akiwa hajamwambia mtu aendako, na baada ya saa 127 alijinasua kwa kuukata mkono huo.