Unga wa bibi una vitu kumi na moja, mbona uzito hauongezeki?

Mzigo ulifika Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, alfajiri, kwa basi la usiku kutoka Mbeya. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita kumi, imefungwa kwa kitambaa na kamba ya katani, namba ya simu ya mume wangu imeandikwa juu kwa kalamu nene. Mama mkwe alikuwa ametuma unga wa lishe wa mjukuu wake.

Alipiga simu kabla sijafungua. "Mwanangu, humo nimeweka kila kitu," akasema, kisha akaanza kunihesabia: mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na dagaa. Vitu kumi na moja. Alivinunua, akavichambua, akavianika, akavikaanga, akavipeleka mashineni. Kwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini mwenye goti linalomsumbua, hiyo ni kazi ya wiki nzima. Nilimshukuru kutoka moyoni. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miezi sita.

Siku hiyo niliona suala la chakula cha mtoto limekwisha. Kilichobaki ni kupika uji tu.

Mstari uliolala

Miezi sita alikuwa na kilo 7.1. Miezi saba, kilo 7.2. Miezi minane, kilo 7.2 ileile. Muuguzi wa kliniki aliweka nukta kwenye kadi, akaziunganisha, akanigeuzia nione. Mtoto alikuwa bado yuko kwenye rangi ya kijani. Ila mstari ambao miezi sita ya kwanza ulikuwa unapanda kama ngazi sasa ulikuwa umelala.

"Ameumwa?" akauliza.

"Hapana."

"Ananyonya?"

"Ananyonya vizuri, nikiwepo. Nikiwa kazini anapewa maziwa niliyokamua."

"Na chakula?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba anapata uji wa lishe mara nne kwa siku, wa vitu kumi na moja.

"Mnampaje?"

"Kwenye chupa."

Akatabasamu kidogo. "Yaani mwepesi wa kupita kwenye chuchu. Haya, na nyie mnapokula mchana, yeye anakula nini?"

Nikakaa kimya. Jibu lilikuwa uji. Usiku pia uji. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na nimeshaketi kwenye semina za lishe zaidi ya nilivyoweza kuzihesabu, lakini nyumbani kwangu mtoto alikuwa anakula kitu kimoja asubuhi hadi usiku.

Nafaka sita ni kundi moja

Kosa letu la kwanza lilikuwa la hesabu. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano na mchele ni majina sita, lakini kwenye lishe yote ni nafaka, na kazi yake kubwa ni moja: kumpa mtoto nguvu. Ukichanganya sita hujapata makundi sita. Ni sawa na kupika ugali, wali na chapati, ukaviweka kwenye sahani moja bila mboga.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa mengine na mtindi, nyama, samaki, kuku na maini, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, kama papai, embe, karoti na mchicha, na matunda na mboga nyingine. Kwa siku moja mtoto anatakiwa apate angalau makundi matano.

Nilipohesabu ya binti yangu nikapata matatu: maziwa ya mama, nafaka na kunde. Dagaa walikuwemo, ila kiganja cha dagaa kikigawanywa kwenye ndoo nzima ya unga, kinachofika kwenye kikombe kimoja ni kama harufu tu. Yai hakuna. Mboga hakuna. Tunda hakuna.

Hapo ndipo penye hatari. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua kadiri anavyokaribia miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayawezi tena kufidia. Chuma hicho tunacho jikoni: maini, nyama, samaki, maharage.

Kosa la pili lilikuwa maji. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, mililita 200 hivi na limejaa. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Anashiba, analala, lakini nguvu aliyopata ni kidogo. Uji unaofaa ni ule unaobaki kwenye kijiko ukikiinamisha, haumwagiki kama chai.

Tulilime, tukose

Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako takriban nusu ya watoto, au zaidi, wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, maharage, viazi na parachichi.

Udumavu una sababu nyingi: magonjwa ya kuhara, afya ya mama akiwa mjamzito, maji yasiyo salama, mama kukosa muda. Lakini takwimu hiyo inatukumbusha kuwa ghala kujaa ni jambo moja, na sahani ya mtoto kuwa na vitu tofauti ni jambo lingine.

Sumu isiyoonekana

Kuna jambo muuguzi aliligusa kwa sentensi moja, nami nikalibeba hadi nyumbani. "Unga wenyewe una muda gani?"

Ulikuwa na miezi miwili na nusu, na ndoo ilikaa jikoni, karibu na jiko, kwenye joto la Dar es Salaam.

Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na ukungu unaotengeneza sumukuvu. Sumu hii haina ladha ya kukushtua, na moto wa kawaida wa kupikia hauimalizi. Ikiwa nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Ikiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, huharibu ini na huongeza uwezekano wa kupata saratani ya ini, na tafiti zimeihusisha na watoto kutokua vizuri.

Sasa fikiria unga wenye mahindi na karanga pamoja, umesagwa miezi iliyopita, na ndicho chakula pekee cha mtoto mara nne kwa siku. Sisemi ndoo ya mama mkwe ilikuwa na sumu, sikuipima. Ninachosema ni kwamba zikishasagwa huwezi kuzichambua tena. Punje mbovu ikiwa nzima unaiona na unaitupa. Ikiwa unga, imeshajificha. Tena karanga, ufuta na soya vina mafuta, na unga wake ukikaa huchacha na kutoa harufu ya mafuta ya zamani.

Simu niliyoiogopa

Nilimaliza siku tatu nikitafuta maneno. Utamwambiaje mama mkwe kwamba unga alioutengeneza kwa wiki nzima, kwa goti bovu, haufai? Mume wangu alijitolea kupiga. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyepokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu anakula?"

Nikamweleza kuhusu kadi na mstari. Alinyamaza muda mrefu, nikafikiri simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo unga wangu ndio mbaya?"

Badala ya kujibu, nikamuuliza: "Mama, huyu mwanao wewe ulimlisha nini?"

Akacheka. "Huyo? Wakati ule nani alikuwa na unga wa vitu kumi? Uji wa ulezi mtupu, naweka maziwa. Mchana namponda maharage na ndizi. Parachichi lilikuwa mlangoni. Siku ya samaki, namchambulia miiba."

Maziwa ya mama, ulezi na ndizi, maharage, maziwa ya ng'ombe, parachichi, samaki. Nikahesabu kwa vidole huku yeye anaongea. Makundi sita, wala hakuhitaji ndoo.

"Sasa hivi vitu kumi na moja ulivitoa wapi, mama?"

"Si ndivyo wanavyofanya wote siku hizi? Jirani aliweka tisa, nikaona nisimpunje mjukuu wangu."

Kila mmoja wetu anaongeza kitu kimoja kwa upendo, na mwisho wake tunadhani ndoo imefanya kazi ya sahani.

Tunavyofanya sasa

Uji haujaondoka nyumbani kwetu, ila umeshuka cheo. Ni mara mbili kwa siku, wa ulezi, au mahindi kidogo tunayosaga ya wiki mbili tu. Karanga haziingii mashineni. Tunanunua nzima, tunachambua zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, tunakaanga, tunatwanga za siku chache na kuweka kijiko kwenye uji unapoiva. Karanga nzima mtoto mdogo asipewe kabisa, zinaweza kumkaba.

Soya tumeiacha. Kama wewe unaitumia, lazima ichemshwe au ikaangwe hadi iive kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kutumia protini.

Uji ukiwa mzito mtoto akaukataa, tunatumia kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo, koroga kijiko kidogo cha kimea. Utauona unalainika bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena.

Mchana na jioni anakula tunachokula. Kabla ya kutia chumvi na pilipili, tunamtolea sehemu yake: maharage yaliyopondwa, mchicha uliokatwa vidogo, samaki asiye na miiba, viazi, wali laini. Yai siku moja, maini kidogo siku nyingine. Papai au parachichi kila siku, kwa msimu. Chupa tumeitupa, ni bakuli lake na kijiko.

Kama unatumia mahindi uliyoyahifadhi, jaribu hili kabla ya kusaga. Weka chumvi kavu kidogo na mahindi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, ziba, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Punje mbovu usiwape kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Lakini kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni muda. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa anafua, anachota maji, anapika na kulisha mtoto, peke yake, mimi nikiwa nimetoka saa kumi na mbili asubuhi. Chupa ilikuwa jibu lake kwa kazi nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kumlisha mtoto kwa kijiko, kumsubiri ateme, acheke, afungue tena mdomo, ni nusu saa, mara nne. Tulipokaa kuzungumza, mume wangu alichukua ufuaji wa nguo za mtoto na maji ya jioni. Mimi napika maharage ya siku mbili usiku. Dada alisema kitu kimoja tu: "Sasa nitaweza."

Na mzazi mwenzangu, mstari ukilala miezi miwili mfululizo usiongeze kitu kwenye unga ukasubiri. Mpeleke mtoto kliniki. Huenda ni chakula, huenda pia ni minyoo, mkojo mchafu, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine ambao hakuna uji utakaoutibu.

Miezi tisa binti yetu alikuwa na kilo 7.5. Miezi kumi, kilo 7.9. Mstari umeanza kuinuka. Wiki iliyopita mzigo mwingine ulifika stendi, safari hii gunia dogo: ulezi mzima kwenye mfuko wake, maharage kwenye wake, karanga zikiwa na maganda yake, na parachichi kumi na mbili zilizofungwa kwa magazeti.

Simu ikaita kabla sijafungua.

"Mwanangu, safari hii sijachanganya chochote," akasema. "Mtachanganya wenyewe kwenye sahani."