Malezi ya mwana huanzia tumboni

WAHENGA walipotuachia methali kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wengi wetu tulidhani kuwa malezi huanza siku mtoto anapotoa kilio chake cha kwanza. Sayansi ya leo yatwambia kuwa hapo tumekwisha kuchelewa kwa miezi tisa. Mwana hulelewa angali tumboni, na mojawapo ya mambo yamleayo humo, kwa wema au kwa ubaya, ni sukari iliyomo katika damu ya mama yake.

Kisukari cha uja uzito ni kile kinachogunduliwa kwa mara ya kwanza mwanamke akiwa na mimba. Kondo la nyuma hutoa homoni ambazo hupunguza nguvu za insulini ya mama, ili mtoto naye apate sehemu yake ya chakula. Kongosho la mama hulazimika kutengeneza insulini zaidi. Likishindwa, sukari huzidi katika damu, na mara nyingi mama hahisi dalili yoyote.

Sukari hiyo huvuka kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Basi kongosho changa la mtoto hutengeneza insulini kwa wingi, mwili wake ukaigeuza ziada ile kuwa mafuta. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark aliyaeleza haya tangu miaka ya 1950. Ndipo mtoto huzaliwa akiwa na uzani wa kilo 4 au zaidi, na majirani wakapiga vigelegele kwamba kazaliwa mtoto mwenye siha. Kumbe mabega yake yangeweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Aidha, kitovu kikisha kukatwa, insulini yake iliyozidi yaweza kuishusha sukari mwilini mwake hadi kiwango cha hatari.

Je, mambo huishia hapo? La, hasha! Huko Arizona, Marekani, jamii ya Wahindi Wekundu waitwao Pima ilichunguzwa na wataalamu tangu mwaka 1965. Mnamo mwaka 2000, watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha ndugu wa familia moja: wale waliozaliwa kabla ya mama kupatikana na kisukari, na wale waliozaliwa baadaye. Waliozaliwa baadaye walikuwa wanene zaidi, na hatari yao ya kuugua kisukari ilikuwa kubwa zaidi mara kadhaa. Baba alipokuwa ndiye mgonjwa, tofauti kama hiyo haikuonekana. Ikiwa ndugu hawa walizaliwa na wazazi wale wale, basi jeni peke yake haziwezi kuieleza tofauti hiyo. Yapo yaliyotendeka tumboni.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya epijenetiki. Wasomao Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu watalielewa jambo hili upesi. Herufi mbili zile zile, kaf na ta, zaweza kusomwa kata, kiti au kuta, kwa kutegemea alama za irabu zilizotiwa juu au chini yake. Jeni nazo ni herufi. Mwili huzitia alama, kama vile vikundi vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA, na alama hizo huamua ni jeni gani isomwe kwa nguvu na ipi inyamazishwe. Herufi hazibadiliki, usomaji ndio ubadilikao.

Alama hizi zaweza kudumu. Wakati wa baridi kali ya mwaka 1944 hadi 1945, watu wa Uholanzi walikumbwa na njaa kuu ya vita. Utafiti wa mwaka 2008 uligundua kuwa watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo walikuwa na methili chache kwenye jeni moja ya ukuaji kuliko ndugu zao, miaka 60 baadaye. Kwa upande wa kisukari, tofauti za methili zimeonekana katika kondo na katika damu ya kitovu, ikiwemo jeni ya leptini, homoni inayouarifu ubongo kuhusu akiba ya mafuta mwilini. Hata hivyo, kuiona alama si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoleta unene, kwani vyakula na mienendo ya nyumbani navyo huchangia.

Lisije likazuka jambo la kumtwika mama lawama. Mwanamke hakujitakia maradhi haya, na si haki aambiwe kuwa kamwangamiza mwanawe kwa ulafi. Anachostahili ni kupimwa. Kipimo kinachofaa hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hunywa maji yaliyotiwa gramu 75 za glukosi, kisha damu yake hupimwa. Kupima mkojo peke yake hakutoshi, na kliniki inayoishia hapo itawapita wagonjwa wengi bila kuwatambua.

Tiba nayo ipo: mlo uliopangwa vyema, mazoezi kama ya kutembea, na insulini inapohitajika. Uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2005, ambao uliwahusisha wanawake 1,000, ulionyesha kuwa matatizo makubwa ya watoto wakati wa kuzaliwa yalikuwa asilimia 1 kwa waliotibiwa, na asilimia 4 kwa waliopata huduma za kawaida. Fauka ya hayo, mama apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, maana hatari ya kuugua kisukari cha kudumu humwandama.

Walimu wetu wanapofundisha somo la urithi, wasiwaachie wanafunzi dhana kwamba jeni ni hukumu isiyokatiwa rufani. Na mwanafunzi asomaye haya leo ndiye baba au mama wa kesho. Ajue kuwa kumsindikiza mja mzito kliniki, kumpunguzia kazi nzito na kumpatia mlo unaofaa ni malezi ya mtoto asiyemwona bado. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huanza kabla mtoto hajapewa hata jina.