Ng'ombe anapotupa mimba, usikimbilie kisu

MVUA za masika zinapojaza mabonde ya mpunga kisiwani Pemba, mbu huzaliana kwa wingi, na mfugaji hana budi kuwatazama wanyama wake kwa makini zaidi. Miongoni mwa maradhi ya virusi yaenezwayo na mbu, yanayoogopwa sana Afrika Mashariki ni Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya.

Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 ulizikumba Kenya, Somalia na Tanzania Bara. Nchini Tanzania zaidi ya watu 100 walifariki, Mkoa wa Dodoma ukiathirika zaidi. Pemba hupokea mifugo kutoka Bara kwa vyombo vya baharini, hivyo maji yanayokizunguka kisiwa si kinga ya kutosha.

Dalili kuu ni wanyama wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, changa na pevu bila tofauti. Wanambuzi na wanakondoo wachanga hupandwa na homa kali, huacha kunyonya na wengi hufa ndani ya siku moja au mbili. Ng'ombe mkubwa huweza kuonekana mzima kabisa, au akapungukiwa maziwa, akatokwa na makamasi na kuharisha damu. Farasi na punda huambukizwa pia, ila ni nadra kuonesha dalili.

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa kuliko kwa kuumwa na mbu. Mazoea ya kumwahi mnyama kwa kisu asife kibudu yanaeleweka, maana ng'ombe mmoja ni akiba ya familia nzima. Lakini mchinjaji huyo, sawa na anayemzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, hujiweka hatarini. Homa yake hufanana na malaria. Wengi hupona, ila wachache hutokwa na damu au hupofuka.

Aonaye dalili hizo asichinje wala kuuza, bali amwarifu sheha au afisa mifugo mara moja. Maziwa yachemshwe. Chanjo ya mifugo ipo, lakini hutolewa kabla ya mlipuko. Ukishaanza, sindano inayohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine huweza kuvisambaza virusi zizi zima.