Pesa ya Kwanza Iende Kwenye Msingi

Mvua za deyr, yaani za vuli, za mwaka 2023 ziliwakuta wafugaji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, bado wanahesabu mizoga. Misimu mitano mfululizo mvua ilikuwa imegoma. Kisha El Niño ikaingia, laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, zikafurika, barabara zikakatika, na nyumba za udongo zikaanguka kutoka Mandera hadi Garissa.

Herio, ile nyumba ya fito na mikeka inayobebwa na ngamia, haikuhitaji msingi. Akina mama waliifungua, wakaisimika kwenye mwinuko. Lakini ukame ukishamaliza mifugo, familia husogea kando ya vituo kama Griftu na kujenga nyumba isiyohama, mahali palipobaki nafasi. Na nafasi inayobaki mara nyingi ni bonde ambalo wazee wanalijua kuwa ni njia ya maji, hata likikaa kavu miaka mingi. Anayeuza ploti hana haraka ya kulisema hilo.

Ukuta wa udongo huanza kufa miguuni. Sehemu ya chini hulowa, udongo unamomonyoka, fito zinabaki wazi, kisha ukuta unalala na mabati yake mapya juu. Ndiyo maana naona tunakosea mpangilio wa matumizi: pesa ya kwanza hukimbilia mabati kwa sababu ndiyo yanayoonekana na jirani. Ingeanza chini. Tafuta mstari wa tope ulioachwa na mafuriko kwenye kuta za jirani, kisha inua sakafu ipite hapo, kwa mawe na sementi kama mfuko unaruhusu, la sivyo kwa kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Udongo uanzie juu ya mawe. Paa litokeze vya kutosha ili matone yasichimbe ukuta, na mtaro upite upande wa juu wa boma ukiyapeleka maji kando, si kwa jirani.

Choo nacho kiinuliwe. Mjini Wajir maji ya ardhini yako karibu sana na visima ni vifupi. Shimo likifurika, uchafu unaingia kwenye maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa tayari kimezisumbua Garissa na Wajir kabla ya mafuriko ya 2023.

Kwa aliyejenga katikati ya laga yenyewe, hakuna msingi wa kumwokoa. Huyo anahitaji ploti nyingine, na kuipata ni kazi ya serikali ya kaunti, wala si ya fundi.