Mkasi na Samadi kwenye Mwaridi

Ua la mwaridi likishachavushwa, petali hudondoka na kitako chake huvimba kuwa tunda dogo lililojaa mbegu. Mbegu hizo changa hutoa homoni zinazovuta sukari kutoka kwenye majani, na mmea huanza kulea tunda badala ya kutoa maua mengine. Ndiyo sababu maua yaliyonyauka hukatwa mapema: mbegu zisipopata nafasi ya kukomaa, sukari ile hurudi kwenye machipukizi.

Pa kukata pana uzito kuliko mkasi wenyewe. Majani yaliyo karibu na ua huwa na vijani vitatu, pengine kimoja. Chini kidogo huanza majani ya vijani vitano. Jicho lililo kwenye kwapa la jani la vijani vitano ndilo hutoa tawi lenye nguvu ya kubeba ua zito, ilhali macho ya juu zaidi hutoa vijiti vyembamba vinavyoinama. Mkato hupita kimshazari, milimita 5 hivi juu ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki wazi na ukungu usipate unyevu wa kuotea. Tawi likipunguzwa hivyo, oksini, homoni iliyokuwa ikishuka kutoka juu na kuyazuia macho ya chini hupungua, nayo huamka. Ua jipya huchukua takriban wiki 6 hadi 8, kutegemea joto. Mashamba ya Naivasha hayahitaji kufundishwa hilo, kwani kila ua linalovunwa kwenda sokoni ni mkato wa namna hiyohiyo.

Si kila mwaridi hukubali kuchanua tena ukikatwa, hata hivyo. Ule wa Jabal Akhdar, Oman, unaokamuliwa marashi, huchanua majira ya machipuko tu, na maua yake huchumwa yote bila mmea kurudia mwaka huo. Sifa ya kuchanua mfululizo ilifika Ulaya pamoja na miwaridi ya China mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 2012 watafiti walieleza kiini chake: jeni inayozuia uchanuaji imelemazwa na kipande cha DNA kilichojipachika ndani yake.

Mmea usiopumzika hula sana. Wakati wa kuulisha ni mara tu baada ya kukata, macho yanapoanza kufura. Samadi iliyooza vizuri, nusu ndoo kwa kichaka, huboresha udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kijiko kimoja au viwili vya mbolea ya NPK hunyunyizwa mbali na shina, kwenye udongo ulio na maji tayari. Nitrojeni ikizidi, huja majani mengi laini, vidukari wengi na maua machache. Majani ya zamani yakigeuka manjano, nitrojeni imepungua. Machanga yakiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, kinachokosekana ni chuma, na mara nyingi chanzo ni udongo wenye chokaa nyingi.

Vitabu vya Uingereza huagiza mbolea ikome Agosti. Agizo hilo ni la kuepusha matawi mateke yasiuawe na baridi kali, na halina kazi Limuru wala Lushoto. Huko mbolea hupunguzwa miezi ya Juni hadi Agosti kwa sababu ubaridi hupunguza ukuaji, lakini kukata maua huendelea, na upogoaji mkubwa hufanywa kabla ya mvua za masika.